Mfuko Uliohamia Kulia

Mdomo wangu ndio ulionitafutia wateja, na mdomo huohuo nusura uniponze. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa na cherehani moja kwenye baraza la duka mtaani Kawangware. Ng'ambo ya barabara walikaa mafundi wanaume, wenye vyerehani vipya na redio inayosikika mpaka stendi. Mimi sikuwa na redio. Nilikuwa na hadithi za nguo, na mtu akishakaa kusikiliza, suruali yake ilibaki kwangu.

Hadithi zenyewe nilizitoa kwa mtawa mzee wa Kizungu aliyetufundisha ushonaji kwenye ukumbi wa kanisa. Alikuwa na kitabu kinene cha picha za nguo za kwao, na ugonjwa wake ulikuwa makoti ya watoto wa kiume ya karne ya kumi na tisa. Sisi tulitaka kujua kushona sketi za shule, kitu kinachouzika. Yeye alitushikia juu picha ya mvulana ambaye suruali yake imefungwa kwa vifungo kwenye koti kuzunguka kiuno, amebanwa kama mto ndani ya foronya, na akatusubiri tushangae.

Kwa wale watu, alisema, mtoto wa kiume alivaa gauni kama dada yake mpaka afike miaka mitano, sita hivi. Halafu siku moja gauni linavuliwa, anavishwa suruali na koti lenye mifuko, anapitishwa kwa majirani wamwone, nao wanamtilia sarafu mfukoni. Kuanzia hapo anahesabiwa upande wa wanaume. Mwanzoni mwa karne koti lenyewe lilikuwa fupi, la kubana. Baadaye likaja la duara lisilo na mkia, kisha la baharia, na mwishoni lile la mkanda na marinda. Hayo yalikuwa ya wenye pesa. Mtoto wa maskini alivaa koti la baba yake. Baba akilichosha, au akifa, mama alilifumua lote, akaligeuza ndani nje ili upande ambao haujapauka ndio uonekane, akalikata kwa kipimo cha mtoto. Ndani ya mishono aliacha kitambaa cha akiba, koti likue na mwenyewe.

Nimeieleza hadithi hiyo pale barazani mara nyingi mno. Wateja wengi walicheka kuhusu magauni, wakalipa, wakaenda. Aliyesikiliza mpaka mwisho hakuwa mteja.

Alikuwa mama wa sukuma. Aliishi Kambi Muru, mtaa wa mabanda ng'ambo ya Ngong Road. Kila asubuhi aliteremka Silanga kuchukua mboga, sukuma na managu, kwenye mashamba ya kando ya bwawa, akapanda nazo mpaka Kawangware kwa miguu kwa sababu huku, alisema, watu hawabishani sana bei. Mwenye ploti alimruhusu kutandika gunia lake karibu na cherehani yangu. Mwenye ploti huyo alikuwa ajuza mzaliwa wa palepale, ambaye mtaa mzima ulikuwa shamba la babake. Sote tulimwita shosho, yaani nyanya. Kuhusu mama wa sukuma nilijua kwamba mumewe alikufa mjengoni, ukuta ulimwangukia, akazikwa kwao, mkoa wa Magharibi, ambako hata mimi ndiko kwetu. Nilijua ana mtoto mmoja, wa kiume, darasa la pili. Hakusema zaidi, na mimi niliyejaa maneno sikuwa na la kumwuliza.

Siku moja akatoa koti chini ya mboga. La kijivu, mistari myembamba, kitambaa kizito cha zamani ambacho mkasi unakiheshimu.

"Fundi, hii ikate imtoshe kijana. Anasoma Biblia kanisani Sunday ya watoto."

"Umeitoa wapi, kwa mtumba ya Toi?"

"Huko tu. Igeuze vile ulisema. Na uache kitambaa ndani."

Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Kwa mara ya kwanza mtu alinitaka nifanye kile nilichokuwa nikikipigia domo. Nililinusa, na halikunukia dawa ya mtumba. Lilinukia sabuni ya kipande na moshi wa makaa. Nikajiambia muuzaji amelifua, nikaanza kufumua.

Ndani ya koti la mtu unamjua mtu. Bega la kulia lilikuwa limelika kuliko la kushoto, la mtu anayebeba vitu. Mgongoni, chini kidogo ya kola, palikuwa na alama ya pasi, ncha ya pasi ya makaa iliyounguza kitambaa kikawa rangi ya chai ya rangi. Upande wa pili haikuonekana. Ndiyo raha ya kugeuza: aibu yote inaingia ndani, inafunikwa na bitana, na nje inabaki nguo mpya. Nikapiga chaki, nikakata. Vipande nilivyobakisha vilikuwa vya mtoto wa miaka minane, na pindo nene la akiba.

Kugeuza kuna dosari moja tu ambayo fundi hawezi kuificha. Kipande cha kushoto kinakuwa cha kulia. Matundu ya vifungo unayakata pamoja na ukingo na kutoboa mengine, lakini mfuko wa kifuani umeshachanwa, na tundu lililochanwa halihamishwi. Kwa hiyo mfuko mdogo wa kifuani, ambao kila koti la mwanamume huwa nao kushoto, ukahamia kulia. Nilimwonyesha mama wa sukuma. Akasema haidhuru.

Vipande vilikuwa vimeshapigwa bandi, vinaning'inia kwenye msumari nyuma ya kichwa changu, alipokuja soja. Huyu alilinda geti la nyumba moja ya ghorofa upande wa Lavington, na alikuwa akiniletea suruali zake za kazi. Mtu mkubwa wa mabega, mcheshi, kifua mbele. Siku hiyo hakuleta kitu, na mama wa sukuma alikuwa ameshamaliza mboga akaenda nyumbani.

"Niaje, fundi. Wiki ijayo nitakuletea koti unipanulie mabega. Na hapa kwa tumbo uachilie kidogo."

"Koti gani?"

"Ya ndugu yangu, yule wa mjengo. Bibi yake si huyu mama wa sukuma anakaa hapa? Jumamosi mzee anakuja kutoka nyumbani, tunagawa nguo zilibaki huku. Mimi ndiye nitavalishwa koti." Alijipiga kifuani kwa fahari. "Koti safi, ya harusi. Grey, iko na mistari."

Mguu wangu ulisimama kwenye pedali. Msumari ulikuwa nyuma yangu na sikuthubutu kugeuka, nisije nikamwonyesha njia kwa macho. Niliinuka pole pole kama anayenyosha mgongo, nikasimama mbele ya vile vipande, nikatabasamu. Nilimwambia alete tu. Aliendelea kusimama, akaongea habari za mpira, habari za bosi wake, na jasho lilikuwa likinishuka mgongoni kwenye kitambaa cha ndugu yake.

Alipoondoka nikakaa chini. Lazima nieleze, kwa sababu msomaji wa kwingine ataona ni nguo tu. Katika koo zetu nyingi kule Magharibi, nguo za marehemu haziguswi na mkasi wala haziuzwi mpaka wazee wazigawe. Shati ni la yeyote, suruali ni ya yeyote. Koti ni jambo jingine. Anayevishwa koti anasimama mahali pa marehemu, mbele ya mtoto wake na mbele ya mke wake, na jioni anajua anakolala. Mama yangu mwenyewe alipata mume wa pili kwa njia hiyo. Nilikuwa mdogo, lakini nayakumbuka mabega ya baba yakiingia mlangoni na kichwa ambacho hakikuwa cha baba.

Shosho alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, amesikia yote.

"Huyo soja," alisema, "bibi yake alizikwa mwaka jana. Nilimwona kabla. Alikuwa amekwisha, amebaki macho. Na hakuna mtu alisema ni nini."

"Shosho, usiseme hivyo."

"Mimi sijasema. Nimesema nilimwona."

Miaka hiyo hakuna aliyesema. Mtu alikonda, akakohoa, akasafirishwa nyumbani, na sisi tukachanga nauli tukiangalia pembeni. Upande mmoja, nilikuwa nimekata koti la marehemu wa watu, na watu hao wangelitaka Jumamosi. Upande wa pili niliwaza yule mama mwenye afya yake, na yule mtu mkubwa akivuka kizingiti chake ndani ya lile koti.

Nilifunga cherehani mchana kweupe, kitu nisichokifanya hata nikiwa na malaria. Nikateremka mpaka Ngong Road, nikavuka, nikapita kati ya mabanda ya Toi nikishika kila koti la kijivu lililoning'inia. Niliwaza nikipata linalofanana, litasimama badala yake. Yalikuwako ya kijivu, lakini mistari ilikuwa mipana, au kitambaa chepesi, au kola ya fasheni. Muuzaji mmoja akaniuliza kama nimepoteza mtu. Nikaendelea mpaka Makina, watu wakitoka msikitini taratibu na mimi nikiwapita mbio, nikaingia Kambi Muru.

Alikuwa anakatakata mboga mlangoni. Hakushangaa kuniona.

"Umenifanyia mchezo," nilisema. "Ulijua hilo koti ni la nani."

"Ni la bwana yangu. Ningekosa aje kulijua?"

"Ulisema Toi."

"Wewe ndiye ulisema Toi."

Nilikasirika. Nilimwambia wataniita mchawi. Nilimwambia wazee wa ukoo wa mumewe wanaweza kunitoza ng'ombe nisiyemwona hata kwa ndoto. Nilimwambia kwamba yeye wakimwona hana koti watasema ameuza vitu vya marehemu, watamrudisha kwa wazazi wake na mtoto watabaki naye. Alinisikiliza, kisu kikienda.

"Hapo ndipo ninaogopa," alisema. "Hapo pa mtoto. Lakini nikikaa tu, shemeji anaingia hapa Jumamosi. Umemwona bibi yake alivyoenda?"

"Sikumwona. Nimeambiwa."

"Mimi nilimwogesha."

Mtoto wake alikuwa ndani akisoma kwa sauti sura ile aliyopewa kanisani, akikwama palepale kila mara.

"Si wewe ulisema," akaendelea, "kule kwa wazungu wa zamani mtoto akivalishwa koti ya baba anahesabiwa mwanaume? Nikafikiria. Nikasema, kumbe inaweza kufanyika."

"Ile ilikuwa hadithi. Ya kuuza kazi."

"Mimi niliisikia vizuri." Akainua macho. "Maliza kushona. Na ile alama ya pasi usiitoe. Ni shemeji mwenyewe aliichoma, asubuhi ya harusi yetu, akipiga pasi na kelele. Makombo yote ya kitambaa uniwekee kwa mfuko. Na Jumamosi uje nayo wewe mwenyewe. Nikiulizwa, nitahitaji fundi."

Nilirudi Kawangware nikimlaani, nikimlaani na mtawa. Siku zilizobaki nilishona kama mtu anayejishonea sanda. Soja alipita kila asubuhi akienda zamu, akanipungia mkono, na kila alipopita nililisukumia koti chini ya mapaja. Nilikosea mkono wa kushoto nikaufumua. Nikaukosea tena. Shosho alinitazama mikono, akaniletea chai yenye sukari nyingi. Nilifikiria kutorokea kwa dada yangu Nakuru. Kilichonizuia ni yale mabega ya baba yangu mlangoni; hayakunitoka kichwani, na kila yaliponijia nilichukua sindano tena.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana nyumba ile ya chumba kimoja ilijaa. Pazia la kitanda lilikuwa limefungwa vizuri, viti vimeazimwa kanisani. Mzee wa ukoo, kaka mkubwa wa baba wa soja na marehemu, alikaa mahali pa mwenye nyumba, fimbo katikati ya magoti. Soja alikuwa kando yake, amenyoa, ananukia. Mimi nilikaa karibu na mlango na kifurushi cha gazeti mapajani, nikiomba Mungu mvua inyeshe, moto uwake, chochote.

Mzee aliomba, akagawa. Shati kwa huyu, sweta kwa yule, viatu kwa mwenye mguu unaolingana. Kisha akasema, "Leteni koti."

Mama wa sukuma alichukua kifurushi kutoka kwangu, akakifungua, akaliweka koti mkekani mbele ya mzee. Lilionekana dogo sana pale. Nilipendezwa nalo kwa nusu dakika, mikono imekaa sawa, kola imelala. Kisha hofu ikarudi.

Soja alicheka kidogo. "Hii ni nini?"

"Ni koti ya ndugu yako," mama akajibu.

"Koti ya ndugu yangu naijua. Mfuko ilikuwa hapa." Alijipiga kifua cha kushoto. "Hii iko huku kulia. Rangi pia si hii, ile ilikuwa imepauka. Mzee, huyu ameuza koti ya marehemu, akanunulia mtoto mtumba."

Chumba kikanguruma. Mzee aliinua mkono. "Mama, koti iko wapi? Jibu vizuri, kwa sababu ikiwa imeuzwa, huyu mtoto anarudi na mimi nyumbani."

Mama wa sukuma alinitazama. Nilijua kwamba nikiinamisha kichwa sasa, naweza kutoka na hakuna atakayejua jina langu. Nikasimama hata hivyo, na sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Mzee, hajauza. Ndilo hilo. Mimi ni fundi, nimeligeuza. Likigeuzwa mfuko unahamia kulia."

"Wewe ni nani kwa hii nyumba?"

"Si mtu wa nyumba. Ni fundi tu."

Nilipiga magoti mkekani, nikatoa wembe kwenye leso, nikafumua bitana chini ya kola mbele yao wote. Nikajikata kidole. Nikageuza kitambaa kuelekea mwanga wa mlango. Alama ya pasi ilikuwa pale, imenyooka, imeungua rangi ya chai. Mzee aliisogelea. Sikumwangalia yeye. Nilimwangalia soja, na nikaona uso wake umeifahamu.

"Hii unaijua?" mzee akamwuliza.

"Naijua," akasema. "Mimi ndiye nilichoma."

"Na nani amesema ikatwe?"

Nilikuwa nimejiandaa siku zote kusema sikujua. Mdomo, kwa mara moja maishani, ukakataa kufunguka. Ni mama wa sukuma aliyesema. Alitoa mfuko wa makombo niliomletea, akaumwaga mkekani: mabega makubwa, kola ya zamani, vipande vya mikono.

"Tuliambiwa koti isipotee, baba. Haijapotea. Iko hapa yote."

Mzee aligusa vile vipande kwa ncha ya fimbo, kimoja kimoja, kwa muda mrefu. Akaliinua koti, akampa soja. "Haya. Vaa."

Soja akaliangalia. Alikuwa mtu wa kutii wazee, na nadhani bado aliona njia. Akaingiza mkono. Mkono ulikwama kabla ya kiwiko, ngumi ikachungulia mwishoni mwa ule mkono wa koti ulionichukua siku mbili kuunyoosha. Hakuna aliyecheka. Alijaribu kusukuma, mshono ukalia, akaacha. Akautoa mkono kwa uangalifu, kama anayeogopa kulichana, na kwa hilo tu nikamwonea huruma.

Mzee akaita mtoto. Alikuja kutoka nyuma ya pazia. Mzee mwenyewe alimvisha, akamfunga vifungo kwa vidole vigumu visivyozoea, akamgeuza, akamgeuza tena. Lilimkaa.

"Nyumba iko na mwenyewe," alisema hatimaye. Akamwambia soja, bila ukali, "Wewe chukua shati."

Mama wa sukuma hakupiga vigelegele. Alienda nje akakaa kwenye jiwe la kufulia, na nilipomfuata nilimkuta ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, anapumua kwa mdomo.

Niliendelea kumwogopa yule soja kwa miezi. Kila buti likisikika barabarani nilikosea mshono. Lakini alikuja siku moja na suruali yake, akaniamkia kama zamani, na hakutaja koti. Alitaka nimpunguzie kiuno. Nikampunguzia. Baadaye akaileta tena, ileile, nipunguze tena. Nilipima, nikapima upya, nikijua futi haijakosea. Yeye alitazama redio ya ng'ambo ya barabara.

"Kazi ya usiku inakula mtu," alisema.

"Ni kweli," nilimjibu.

Mwaka uliofuata, mvua za kwanza, mama wa sukuma alikuja bila sukuma. Alikuwa amekunja lile koti la kijivu kwenye leso safi. Kijana alikuwa amerefuka, vifundo vya mikono viko nje, na kesho yake walikuwa wanasafiri nyumbani Magharibi kumzika baba yake mdogo.

Nilifumua pindo. Kitambaa cha akiba kilikuwa ndani kama nilivyokiacha, hakijapauka, rangi yake imekolea kuliko ya nje. Nikaanza kukishusha chote. Alinishika mkono.

"Usimalize yote," alisema. "Bakisha ingine ndani. Bado anakua."